Viatu Chini ya Shuka

Kibao kilitundikwa ukutani, juu kidogo ya meza ya kupokelea nguo. Dobi alikiandika mwenyewe kwa rangi nyeusi, kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani. Kilisema: NGUO ISIYOFUATWA KWA SIKU SITINI, DOBI HADAIWI.

Asubuhi hiyo mteja mmoja mnene alisimama chini ya kibao hicho akidai koti lake. Alikuwa amelileta miezi mitano nyuma.

"Koti lako nimeligawa," Dobi alimwambia.

"Umeligawa? Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya kibao."

"Mimi sikukisoma hicho kibao. Wala sikusaini mahali popote."

"Kibao kipo, macho unayo. Kutosoma ni kazi yako, si yangu."

Mteja aliondoka akinung'unika hadi kona ya barabara. Mke wa Dobi, aliyekuwa akinyoosha mashuka, alicheka chini chini.

"Una kichwa kigumu, baba watoto."

"Kikiwa laini, watu watakikamua kama soksi."

Hivyo ndivyo Dobi alivyokuwa. Alipenda neno lake liwe moja. Kila nguo iliyoingia kwake ilitiwa alama ya uzi au ya wino, ikaandikwa katika daftari, ikarudi kwa mwenyewe. Kwa miaka ishirini hakupoteza hata leso.

Chumba chake cha kazi kilikuwa kirefu na chembamba. Sakafu ya saruji ililala upande mmoja ili maji yakimbilie kwenye mfereji. Upande wa kushoto ilisimama mashine kubwa ya kufulia. Upande wa kulia ilikaa pasi ya mvuke, ile ya zamani yenye mguu wa chuma, inayoshushwa kwa mkono kama mfuniko wa sanduku. Pasi hiyo ilikuwa ya mama yake. Mama aliinunua ikiwa imetumika, baada ya kufua kwa mikono miaka mingi. Aliungua nayo mkono wa kulia, akabaki na kovu refu, naye alilionyesha kovu hilo kwa fahari. Alipofariki, pasi ilibaki kwa mwanawe.

Mashine kubwa ilikuwa habari nyingine. Hiyo Dobi aliinunua kwa mkopo wa kampuni, na mashine yenyewe ndiyo iliyowekwa dhamana. Maana yake ni hii: mkopaji akishindwa kulipa, kampuni inaweza kwenda mahakamani na kuomba kuichukua mashine.

Mwaka wa kwanza Dobi alilipa vizuri. Mwaka wa pili, nyumba ya wageni iliyokuwa ikimletea mashuka ilifungwa ili ifanyiwe matengenezo. Mashuka yakakatika, na malipo yakakatika. Barua za kampuni zilipofika, Dobi alizitia katika droo ya vifungo. Mara moja tu alikwenda kuzungumza nao. Ofisa mmoja mwenye tai nyembamba alimjibu bila kunyanyua macho.

"Lipa lote. Usipolipa, tutabeba kila kinachozunguka na kila kinachotoa mvuke."

Dobi alirudi nyumbani akiwaka.

"Kinachotoa mvuke ni pasi ya mama," alimwambia mkewe. "Pasi haimo katika mkopo. Wajaribu. Hawatapata hata kibanio cha nguo."

Kuanzia siku hiyo, mke alimpa yule ofisa jina: Kila-Kinachozunguka.

Ushauri wa kisheria ulitoka kwa Shemeji. Huyu alikuwa kaka wa mke wa Dobi, mtu wa kuanika nguo uani na kuzungumza. Kuanika aliweza. Kuzungumza ndiko kulikomzidi nguvu.

"Kampuni itakwenda mahakamani," Shemeji alisema. "Mahakama itakuletea wito. Wewe usiupokee. Usiuguse, usiusaini. Kesi ni kama mechi, shemeji. Timu moja isipofika uwanjani, hakuna mpira."

"Na refa?" mke aliuliza.

"Refa anarudi nyumbani kwake kula."

Dobi alilipenda jambo hilo. Lilimfanya ajione mkaidi, na ukaidi aliuhesabu kuwa ushujaa. Wakapanga mpango. Shemeji angeangalia barabara kutoka uani. Akimwona tarishi wa mahakama, angeanika kitambaa chekundu kwenye kamba ya mwisho, na Dobi angetoweka. Mara mbili kitambaa kilianikwa. Mara mbili tarishi aliondoka na karatasi zake mkononi.

Mara ya tatu ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Shemeji alikuwa akimsimulia jirani habari fulani, na kitambaa kilichelewa. Dobi alikuwa na nafasi ya hatua tatu tu. Aliruka nyuma ya shuka lililoning'inia kwenye kamba ya ndani, akabana pumzi.

"Hodi."

"Karibu," mke alijibu.

Aliyeingia alikuwa mwanamke mwembamba mwenye viatu vya bapa na mfuko wa ngozi begani.

"Mimi ni tarishi wa mahakama. Kitambulisho changu ni hiki. Namtafuta Dobi, mwenye mahali hapa."

"Amesafiri."

"Lini?"

"Juzi," mke alisema.

"Jana," Shemeji alisema wakati huo huo kutoka uani.

Tarishi aliwatazama wote wawili.

"Safari kubwa hiyo. Imeanza mara mbili."

Kisha macho yake yalishuka sakafuni, yakatulia. Chini ya shuka jeupe palikuwa na viatu viwili vya mpira, vya rangi ya manjano, vimeloa, na ncha zake zimeelekea mlangoni.

"Mama, mashuka ya hapa huvaa viatu?"

Tarishi hakulivuta shuka. Alilisogelea, akazungumza nalo kwa adabu.

"Baba, sikuja kwa ugomvi. Sikuja kubeba mashine wala ndoo. Kazi yangu ni kukupa karatasi hizi tu: wito wa mahakama na nakala ya madai ya kampuni. Ukizipokea, hujakubali deni. Ukisaini, umekiri tu kwamba zimekufikia. Una siku kumi na nne za kujibu kwa maandishi, kuanzia leo. Siku hizo zimeandikwa ukurasa wa kwanza. Utapokea?"

Viatu vya manjano vilirudi nyuma nusu hatua.

"Mama, utapokea wewe kwa niaba yake?"

Mke alilitazama shuka. Shuka lilitikisika kushoto na kulia.

"Sitapokea," mke alisema kwa sauti ndogo.

Tarishi alitazama saa yake, akaandika katika kijitabu. Aliweka karatasi juu ya meza, chini ya kibao, akaaga vizuri, akaondoka.

Dobi alitoka akijifuta uso. Hakutaka hata kuzigusa karatasi zile. Alichukua fimbo ya kutolea nguo za moto, akazisukuma pembeni kama mtu anayemsukuma nge. Zikaanguka ndani ya kapu la nguo nyeupe. Kabla hajasema neno, Shemeji aliingia mbio kuomba radhi, akalinyanyua kapu, akalimimina lote ndani ya mashine kubwa, akafunga mlango.

Baada ya saa moja karatasi zilikuwa uji, na madoa ya zambarau yalikuwa yameenea kwenye nguo.

"Imefuliwa," Shemeji alisema. "Kesi yako sasa ni safi."

Dobi alicheka hadi akashika mbavu. Kicheko hicho kilimgharimu siku nane.

Siku ya nane alikuja Karani. Mzee huyu aliwahi kuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini, na sasa alikuwa amestaafu. Aliishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Alikuwa ametoka kumtembelea bintiye, naye alifuata mashati yake mawili meupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mashati yangu?"

Dobi alijikuna shingo. "Moja limepata doa kwenye ukosi, mzee. Tumelisugua kwa kila kitu. Nitakulipa."

Karani alivaa miwani. Akalichukua shati, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akalikagua muda mrefu kuliko doa lilivyostahili.

"Wino huu naujua," alisema. "Nimeugonga miaka thelathini. Ni wino wa mhuri wa mahakama. Umefikaje shingoni mwangu?"

Dobi alitazama mfereji. Mke alitazama pasi. Shemeji, kwa bahati mbaya, alikuwa na jibu, na alilitoa lote: kitambaa chekundu, shuka, viatu, kapu na mashine. Alipomaliza alisubiri kusifiwa.

Karani hakucheka.

"Dobi, una akili timamu?"

"Sikusaini, mzee. Sikuishika hata kwa kidole."

"Soma hicho kibao."

"Kibao gani?"

"Hicho kilicho juu ya kichwa chako. Soma kwa sauti."

Dobi alisoma. Sauti yake ilipungua kila alipolikaribia neno la mwisho.

"Yule bwana wa koti alisaini wapi?" Karani aliuliza. "Usinishangae. Habari zake nimezikuta kwa kinyozi kabla sijafika kwangu. Ulimwambia kutosoma ni kazi yake, si yako. Leo nakurudishia maneno yako, na wino juu yake."

Karani alivuta kiti, akakaa.

"Sasa nisikilize. Tarishi akileta wito na mtu akaukataa, mambo hayaishii hapo. Tarishi anarudi mahakamani, anaapa kwa maandishi: nilikwenda siku fulani, saa fulani, nikamkuta hivi, akakataa. Kiapo hicho kinaingia kwenye faili. Hakimu akiridhika nacho, wito umekufikia, na siku zako zinahesabiwa. Wewe unacheka, zenyewe zinakwenda. Zikiisha bila jibu, kampuni inamwambia hakimu kwamba mtu huyu ana habari na hataki kuja. Hapo hakimu anaweza kutoa hukumu kwa kusikia upande mmoja."

"Lakini timu moja ikikosa uwanjani..." Shemeji alianza.

"Waliofika wanapewa ushindi," Karani alimkata. "Wewe mpira unautazamia wapi?"

Shemeji alikwenda uani kukagua vibanio.

"Baada ya hukumu hatakuja tarishi," Karani aliendelea. "Atakuja dalali wa mahakama, na lori."

"Nitasimama mlangoni. Apite juu yangu."

"Ukimzuia dalali mwenye amri ya mahakama, umejifungulia kesi ya pili. Hapo mashine utaikosa, na mlango wenyewe unaweza kuuacha ukaenda kulala mahabusu."

Dobi alipandisha sauti. "Kwa hiyo unataka niiname, mzee? Niwapigie magoti kampuni?"

"Nani kakwambia uiname? Mimi nakwambia usimame." Karani alivua miwani. "Unajigamba kwamba huiogopi kampuni. Asiyeogopa hajifichi nyuma ya shuka la mteja. Kama una neno la kuwaambia, pa kulisema ni mahali pamoja tu, mahakamani, napo umepakimbia mara tatu."

Maneno hayo yalimchoma Dobi kuliko pasi. Alimtazama mkewe.

"Mimi nilisema tangu mwanzo," mke alisema.

"Ulisema lini?"

"Moyoni."

"Siku nyingine sema na mdomoni."

"Nikisema mdomoni, utasikia?"

Dobi alivuta pumzi. "Nitasikia," alisema.

Kesho yake asubuhi Dobi alivaa viatu vyeusi, akavipiga rangi, akaenda mahakamani. Siku tano tu zilikuwa zimebaki. Masjala, yaani chumba cha mafaili, ilikuwa na dirisha dogo na foleni ndefu. Pembeni ya dirisha alikaa yule tarishi, akipanga karatasi zake katika mfuko. Dobi alimsogelea.

"Habari za kazi, dada. Mimi ndiye Dobi."

"Dobi yupi?"

Hakuwa na njia nyingine. "Wa viatu."

Tarishi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, kisha miguuni.

"Ungevaa vile vya manjano ningekujua kutoka getini. Umerudi safari?"

"Nimerudi. Nisamehe. Wewe ulikuwa kazini, mimi nilikuwa mjinga. Zile karatasi zimeharibika. Naomba nakala."

Tarishi hakumsuta zaidi. Alimwonyesha jinsi ya kutaja namba ya kesi na mahali pa kuomba nakala. Faili lilipofunguliwa, Dobi alikiona kile kiapo. Kiliandikwa bila chumvi wala huruma: *Nilimkuta mdaiwa amesimama nyuma ya shuka, amevaa viatu vya mpira vya manjano. Nilimweleza yaliyomo. Alikataa kwa kutikisa shuka. Nikaziacha karatasi juu ya meza mbele ya mkewe.* Tarehe ilikuwepo, na saa ilikuwepo. Hapakuwa na neno la kubisha.

Kisha alisoma madai ya kampuni. Mali iliyoombwa ilikuwa mistari miwili. Wa kwanza: mashine moja kubwa ya kufulia. Wa pili: pasi moja ya mvuke.

Mstari wa pili aliusoma mara tatu.

"Pasi hii si ya mkopo," alisema. "Ni ya mama yangu."

"Usiniambie mimi," tarishi alisema. "Mimi ni miguu ya mahakama, si masikio yake. Andika."

Dobi alisimama na karatasi mkononi. Alikumbuka kicheko chake, na mashine ikizunguka na mstari huo ndani yake. Siku tano zaidi za ukaidi, na pasi ya mama ingepandishwa lori, naye angebaki mlangoni akipiga kelele za kweli ambazo wakati wake umepita.

Jioni Karani alizisoma karatasi, akamrudishia.

"Mimi si wakili. Karani mstaafu akijifanya wakili ni hatari kwa watu. Nenda ofisi ya msaada wa kisheria. Chukua mkataba wa mkopo, chukua risiti zako zote. Na zile barua za kwenye vifungo."

Mwanasheria wa ofisi hiyo alikuwa kijana, lakini alisoma kila mstari kwa kidole. Kisha aliuliza swali moja.

"Deni la mashine kubwa ni la kweli?"

Ulimi wa Dobi ulitaka kusema hapana. Ulikuwa umezoea. Aliinamia viatu vyake vyeusi, akaviona vinang'aa.

"Ni la kweli. Nimechelewa miezi mitano."

"Vizuri. Tutaandika hivyo. Ukikana la kweli, hakimu hatakuamini hata kwenye la pasi. Utakiri deni na kuomba mpango wa kulipa. Pasi utaikana. Mkataba wako unataja mashine moja tu, na namba yake imeandikwa. Pasi yako ina namba?"

"Imegongwa kwenye bati nyuma ya mguu."

"Niletee ushahidi wa namba hiyo."

Dobi hakuhitaji kufundishwa zaidi. Alirudi kazini, akachukua kipande cha pamba nyeupe na ule wino wa kutilia alama nguo, usiotoka kwa sabuni yoyote. Aliupaka wino kwenye bati la pasi, akakandamiza kitambaa kwa kiganja. Namba ikatokea kwa kinyume. Akakigeuza kitambaa dhidi ya mwanga, ikasomeka sawasawa upande wa nyuma. Akafanya vivyo hivyo kwa mashine kubwa. Mkewe alivinyoosha vitambaa vyote viwili kwa pasi yenyewe.

"Inajitolea ushahidi," alisema.

Utetezi uliwasilishwa masjala zikiwa zimebaki siku tatu. Karani alikuwa amemwonya: usitoke hapo bila mhuri kwenye nakala yako. Dobi alisubiri mhuri. Ulipogongwa, aliutazama wino ule wa zambarau kwa heshima mpya.

Nakala nyingine ilitakiwa ifike kwa kampuni. Dobi aliipeleka mwenyewe. Ofisa wa tai nyembamba aliipokea kwa vidole viwili, akaipitia juu juu, akairudisha mezani.

"Iache hapo. Njoo wiki ijayo kuchukua saini."

"Wiki ijayo ni yako. Leo ni yangu. Gonga mhuri."

"Nina kazi nyingi, mzee."

"Nami ninazo. Ila nikitoka hapa bila mhuri, nitakwenda kuapa kwamba nilikukuta saa tano na dakika kumi, umekaa kwenye kiti cheusi, umevaa tai ya kijani, ukakataa. Mambo haya nimefundishwa na mtu anayeyajua."

Ofisa alimtazama. Akaitazama tai yake. Akagonga.

Siku ya kesi chumba cha mahakama kilijaa. Mke wa Dobi na Karani walikaa benchi la nyuma. Shemeji alikaa katikati yao, akiwa ameapa kutofungua mdomo. Kesi ilipoitwa, ofisa wa kampuni alisimama wa kwanza.

"Mheshimiwa, mdaiwa huyu ana historia ya kujificha. Alikataa wito akiwa nyuma ya shuka. Kiapo cha tarishi kipo."

Watu wachache walicheka. Hakimu, mama mwenye nywele za mvi, aligeuza macho.

"Mdaiwa yupo?"

"Nipo, mheshimiwa," Dobi alisema, akasimama.

"Ni kweli ulijificha?"

"Ni kweli. Nilidhani nimeshinda. Nilipousoma wito niliona nilikuwa nawasaidia wao. Utetezi wangu umo kwenye faili, na ulifika kabla ya siku kuisha."

Hakimu aligeuza kurasa. "Deni unalikubali?"

"Nalikubali. La mashine kubwa. Nyumba ya wageni imefunguliwa tena na mashuka yamerudi. Naomba nilipe kila mwezi hadi liishe. Lakini pasi sikubali. Pasi haikuwekwa dhamana na mtu yeyote, mheshimiwa. Ni mali ya urithi. Hata ningedaiwa maisha yangu yote, hiyo si yao."

Ofisa alitabasamu. "Mheshimiwa, vifaa vya kazi ni vifaa vya kazi. Vinakaa chumba kimoja."

"Hata mkewe anakaa chumba hicho," hakimu alisema. "Naye ni dhamana?"

Safari hii walicheka wengi. Shemeji alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nionyeshe mstari wa mkataba unaotaja pasi," hakimu aliendelea.

Ofisa alipekua. Alipekua tena kutoka mwisho kwenda mwanzo. Tai ilianza kumbana. Dobi alitoa vitambaa vyake viwili, akavikabidhi. Hakimu aliviweka kando ya mkataba, akafuata namba kwa kalamu, tarakimu moja moja. Kitambaa cha kwanza kililingana na mkataba. Cha pili hakikulingana na chochote.

"Pasi inaondolewa kwenye madai," hakimu alisema. "Kampuni isiiguse. Mashine kubwa itabaki kwa mdaiwa, naye atalipa kila mwezi kama alivyoandika. Mdaiwa, nisikie vizuri. Ukivunja mpango huu, mashine itachukuliwa kwa amri ya mahakama hii, na sitasikiliza hadithi za mashuka."

"Nimesikia, mheshimiwa. Sitauvunja."

Nje kwenye ngazi, ofisa alimpita Dobi haraka haraka.

"Una bahati," alisema pembeni ya mdomo.

"Nina nakala," Dobi alijibu.

Alilipa miezi kumi na sita. Mwezi mmoja mashine iliharibika mkanda, na wiki nzima yeye na mkewe walifua kwa mikono hadi ngozi ikawatoka vidoleni. Mwezi huo nao alilipa. Droo ya vifungo ilibaki ya vifungo. Barua zilipata faili lake, na kila barua ilifunguliwa siku iliyofika.

Asubuhi moja, baada ya malipo ya mwisho, Shemeji alikuwa uani akianika. Aliangaza barabarani, akamwona mwanamke wa viatu vya bapa na mfuko wa ngozi. Mkono wake ulinyooka wenyewe kutafuta kitambaa chekundu, ukakikosa. Kitambaa hicho sasa kilikuwa cha kufutia sakafu.

"Shemeji," aliita. "Yuaja."

Dobi alikuwa akitoa mashuka mashinani. Alikuwa amevaa vile vile viatu vya manjano, vimeloa. Aliyaweka mashuka chini, akajifuta mikono, akatoka hadi mlangoni, akasimama katikati yake mahali ambapo barabara nzima ingemwona.

"Hodi," tarishi alisema. "Leo shuka liko wapi?"

"Liko kwenye kamba. Mimi niko hapa. Umeleta nini?"

"Amri ya kufunga kesi yako."

"Hata ungeleta kesi mpya ningeipokea. Lete. Nisaini wapi?"

Tarishi alimwonyesha. Dobi aliisoma karatasi kwanza, yote, tangu juu hadi chini, mteja mmoja akimsubiri na mwingine akigeuka kutazama. Kisha akaiegemeza kwenye mlango na kusaini kwa herufi zile zile za kwenye kibao.

"Na saa uandike," alimwambia tarishi. "Saa tatu na nusu. Na uandike kwamba umenikuta nimesimama."